Taa Niliyokuletea

Dada yangu mpenzi,

Nimefika salama. Wifi yako ameanza "kuonja" karanga zako tangu jana, na sasa yamebaki maganda.

Niwie radhi kwa ile taa. Fundi umeme mzima, nilidhani uani kwako kuna giza kwa kukosa mtu wa kukufungia taa. Nikaifunga kabla hata ya kunywa maji. Ukasema, "Ahsante, mdogo wangu," kisha ukalala ndani siku mbili, na joto lote lile la kiangazi! Umeme ulipokatika ndipo ukatoa mkeka wako uani kama ulivyozoea, nikalala chali kando yako. Nyota zilijaa hadi ukingoni mwa paa. Miaka thelathini nafunga taa za barabarani, nilishasahau kama nyota zipo.

Asubuhi niliing'oa ile taa mwenyewe, ukacheka mpaka machozi.

Jambo moja nilikuficha. Daktari wa macho aliniambia kabla sijaja kwamba huenda mwakani nisione. Ndiyo maana kila ulipotaka tuingie ndani nilikuomba, "Ngoja, bado sijashiba." Sasa nimeshiba, dada. Ahsante.

Kiangazi kijacho tandika mkeka palepale. Nitalala chali, wewe utazame, unisimulie.

Ni mimi mdogo wako, mharibifu wa giza