Rede Kwenye Taa za Sokoni

Jumatatu, 3 Juni
Zamu ya asubuhi. Skrini, chai, skrini. Kamera za manispaa hazileti sauti. Afadhali. Tangu tumzike mama kule Mgeta sisikii kitu. Nakula, nalala, silii.
Leo kwenye kamera ya sokoni, wauza mboga wanne wanacheza rede kwenye kivuko. Magari yakizuiwa na taa wanarushiana mpira wa soksi, aliye katikati anaukwepa. Yakiruhusiwa wanakimbilia pembeni. Watu wazima, kanga kiunoni. Nilitazama. Sikucheka.

Alhamisi, 6 Juni
Wanacheza kila siku. Kinara ni Mama Zuhura, ninayenunua karoti kwake.
Msimamizi wetu, Bwana Mkude, amewaona. "Watangazie waondoke."
Nikashika maiki ya spika za sokoni, nikawaambia watoke barabarani. Mama Zuhura akainua uso, akaipigia kamera saluti. Wenzake wakaangukiana kwa kicheko.
Bwana Mkude hakucheka. "Wakirudi nataka picha za nyuso. Wananyang'anywa vizimba vyao vya biashara."

Ijumaa, 7 Juni
Wamerudi. Nimegeuza kamera ikatazama mlimani. Mawingu juu ya Uluguru, basi.
"Nani kaigeuza?"
"Mimi."
Nimeambiwa niende nyumbani hadi Jumatatu. Sikuogopa. Hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Jumamosi, 8 Juni
Nilikwenda sokoni.
"Shikamoo, Mama Zuhura. Msicheze tena pale kwenye taa. Wanataka kuwanyang'anya vizimba."
"Marahaba. We umejuaje?"
"Mimi ndiye niliyewafukuza kwenye spika."
Nilidhani atanitukana. Akawaita wenzake, wakajadiliana. Nyuma ya soko kuna uwazi, kamera haifiki. Akanishika mkono, akaniweka katikati.
"Haya, kwepa!"
Sikukwepa. Mpira ukanipiga shavuni. Nikatolewa mchezoni kabla haujaanza. Nikakaa juu ya gunia la kabichi. Shavu liliuma. Liliuma kwelikweli. Nilikaa pale mpaka wakafunga biashara.

Jumatatu, 10 Juni
Nimehamishiwa masjala. Bwana Mkude hakuniangalia akinipa barua. Chumba kina dirisha moja, linatazama ukuta. Nimepanga mafaili hadi saa tisa na nusu.
Nikapita nyuma ya soko. Walikuwa wameshaanza. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeshangaa. Nilivua viatu, nikaviweka kando ya vyao, nikasubiri aliye katikati atolewe.