Jiko la Sonara

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na mama. Je, kichefuchefu kimepungua? Au mama bado anakufukuza na bakuli la uji nyumba nzima? Mimi nimeanza kutembea vizuri, na shemeji yako anakusalimu sana.

Umeniomba nikusemee kwa sonara ushike nafasi yangu. Nilikwenda. Alisema uje hata kesho. Kazi yenyewe ni nyepesi: wachimbaji huleta dhahabu iliyoshikana na zebaki, unaiweka kikaangoni juu ya jiko, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Dirisha hufungwa ili upepo usicheze na moto. Kichwa kilipoanza kuniuma na vidole kutetemeka, nilisingizia mimba. Sonara akanitania kwamba mtoto atazaliwa na meno ya dhahabu. Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mdogo wangu, keti kwanza. Mtoto hayupo. Alizaliwa kabla ya wakati wake, na hakulia. Ulikuwa ndiyo kwanza umetuarifu kuwa una mimba, nikashindwa kukuandikia.

Mkunga aliuliza kazi yangu. Nilipomweleza, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalikuja nikiwa nimeshakusemea kwa sonara: zebaki ilikuwa nyingi, seleniamu ilikuwa kidogo mno. Akanifafanulia kwamba seleniamu ni madini tunayoyapata kwenye samaki, mayai na nyama. Huusaidia mwili wa mama na wa mtoto kujikinga, lakini zebaki huyanasa yasifanye kazi yake. Hakuapa kwamba ndiyo iliyomchukua mwanangu. Nikamuuliza, je, ningekula mayai kila siku? Akanishika mkono, akasema, “Kula mayai, mwanangu, lakini yai halizuii mvuke. Dawa ilikuwa kuondoka mle chumbani.”

Basi nilirudi kwa sonara nikamwambia huji. Amenuna, na anune. Nikasirikie ukitaka, ila usikanyage mle. Nenda kliniki, uwaambie wakupime, na vidonge vya seleniamu usimeze mpaka wakupe wao.

Mtoto alikuwa wa kike. Maziwa yalikuja hata hivyo, nikawa nayakamua bafuni, mlango nimeufunga, shemeji yako asisikie.

Mama mwambie naja kumwona. Haya mengine nitamwambia kwa mdomo wangu. Msalimie shemeji. Nakukumbatia, wewe na huyo uliye naye tumboni.

Ni mimi dada yako. Mwanangu alikuwa na kidevu chako.