Maelezo ya Kayumba Kuhusu Saa ya Marehemu Ephraim Mutuku

KITUO CHA POLISI, LOUISVILLE, KENTUCKY
Jina: Kayumba Sebineza. Umri: miaka 51. Kazi: kupakia mizigo ghalani. Makazi: Iroquois, Louisville. Lugha: Kiswahili na Kifaransa.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 11 Oktoba 2025, Jumamosi, majira ya saa tatu asubuhi, nilikuwa natoka kazini nikapitia Bustani ya Iroquois. Nilimkuta mwanamume ameketi chini kando ya njia, ameshika kifua. Nilimsemesha kwa Kiingereza. Aliposikia lafudhi yangu akanijibu kwa Kiswahili cha Kenya. Nilipiga 911, nikamshika mkono mpaka ambulensi ikafika.

Mhudumu alitaka kumwekea dripu. Alimvua saa akanipa nishike, nadhani alinidhania ndugu yake. Waliondoka naye haraka, saa ikabaki kwangu.

Siku ileile nilikwenda hospitali. Waliniuliza jina la mgonjwa, sikulijua. Nilipotaja saa, mlinzi alisema niipeleke polisi. Sikuipeleka. Niliogopa kuulizwa mtu kama mimi ameitoa wapi. Uso wa saa hiyo ni mweupe kama maziwa, mishale ya buluu, na mgongoni kuna kioo: unaona magurudumu madogo yanavyozunguka. Sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa vizuri hivyo. Niliifunga kwa kitambaa nikaiweka juu ya kabati.

Jumatatu nilimwomba binti yangu Teta apige simu Uingereza, kwa sababu saa imeandikwa Haldenby, jina la mafundi wa saa wa huko, na namba. Aliyepokea ni mama wa familia hiyohiyo ya mafundi. Alisema karakana yao ilifungwa zamani za babu yake, yeye na kaka yake wameifungua tena, na kila saa wanajua imekwenda kwa nani. Alikataa kututajia mwenye saa, ila akaahidi kumpigia.

Haikuchukua muda, simu ya Teta ikaita. Alikuwa Bi. Bridgit, kutoka Amherst, karibu na Buffalo. Ndiye aliyemnunulia mumewe ile saa. Mumewe, Ephraim Mutuku, alikuwa anakuja harusini Louisville, akalala Columbus njiani. Tangu hapo hakumpata tena kwenye simu. Baadaye tulijua kwamba simu na pochi vilibaki ndani ya gari lake, nje ya bustani. Nilimtajia hospitali. Mengine sikutaka kuyasema kwenye simu.

Hospitali ilimwambia kuna mtu asiyejulikana jina, amefariki Jumapili.

Leo asubuhi nilileta saa, tukakutana hapa kituoni. Afisa aliniuliza mbele yake kwa nini nilikaa na saa, nikajibu kama nilivyoeleza. Bi. Bridgit hakuitazama saa. Aliniuliza, "Mzee, alikuwa peke yake?"

Nikasema, "Hapana, mama. Nilikuwa naye. Bon, aliniambia, 'Mwambie Bridgit nimefika.' Mimi sikujua Bridgit ni nani."

Kisha akaniomba nimwonyeshe mahali pale.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa, nami nayathibitisha.

Sahihi: Kayumba S.

Maelezo ya afisa: Yameandikwa tarehe 15 Oktoba 2025, mkalimani Bi. Charlotte Mukabutera. Mjane amekabidhiwa saa. Hana lalamiko juu ya shahidi. Wameondoka pamoja, kwa gari la mjane, kuelekea bustanini.