Lango la Miiba Alilolifunga Deeq

Kituo cha Polisi, Ijara. Maelezo ya shahidi, Jumatatu tarehe 16 Juni 2025.

Jina langu ni Abdilatif Mursal. Umri miaka 51 kwa kitambulisho, ingawa kitambulisho hakikuwepo nilipozaliwa. Kazi yangu kuuza ngamia. Naishi Ijara.

Mnamo Jumamosi, saa kumi na moja jioni, nilikuwa kwenye njia ya ngamia, mbali kidogo na boma la Dagane, mfugaji aliyeleta malalamiko haya. Macho yangu ni mazuri. Nikisimama hapa naona ngamia wa Dadaab na kujua yupi ana mimba. Afisa ameniambia nirudi kwenye Jumamosi. Nimerudi.

Nilimwona Deeq, mtoto wa dada yangu Fatumo, akija na baiskeli ya porini. Alipoona ngamia wa Dagane kwa mbali wakitoka malishoni, alishuka akaisukuma. Hakupiga kengele wala hakukanyaga majani. Dagane anadai aliwafukuza. Si kweli. Huyo kijana nilimfundisha mimi, na mimi niliwahi kumpita fisi kwa baiskeli isiyo na breki.

Deeq akafika kwenye lango la boma, likiwa wazi. Akavuta tawi la miiba, akalifunga, akaondoka. Nilimpigia kelele. Sauti yangu husikika Habaswein, lakini upepo ulikuwa wa upande mwingine. Lango lile huachwa wazi jioni ili ngamia waingie wenyewe kuwanyonyesha ndama walio ndani. Nilipofika, ngamia walikuwa wameshalikuta limefungwa na kugeukia porini. Ndama walilia. Hilo sikulipenda.

Jumapili Dagane aliona alama za tairi langoni, akaikamata baiskeli ya Deeq na kuileta hapa kituoni. Adhuhuri tuliwapata ngamia wote bwawani, wazima, viwele vimejaa.

Deeq, aliyekuwa nasi, akamwita Dagane "adeer", yaani ami, kwa heshima ya Kisomali, akasema, "Adeer, kwetu kwenye chama cha baiskeli tunaambiwa tusiache lango wazi."

Dagane akamjibu, "Kwenu wapi? Wewe si mtoto wa Fatumo wa hapa hapa?"

Deeq akainamisha kichwa. "Nimekosa, adeer."

Alifunga kwa nia njema. Naomba arudishiwe baiskeli yake. Niliyoyaona ni hayo, na sikuongeza kitu, isipokuwa fisi alikuwa mdogo.

Sahihi: A. Mursal

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali. Mlalamikaji Dagane ameondoa malalamiko. Baiskeli amekabidhiwa Deeq. Mlalamikaji ameomba iandikwe kwamba Jumamosi ijayo kijana apitie kwake anywe maziwa, na lango aliache lilivyo.