Yoeli Atatokea Wapi?

Oldonyosambu, 3 Juni 2024

Mwanangu Nice,

Habari za huko Njiro? Sisi huku hatujambo, na mahindi yamesimama vizuri. Tangu Yoeli aumie hupokei simu yangu, basi naandika. Barua huwezi kuikata.

Unasema mdogo wako amepooza mkono kwa sababu nilimwambia amshike dume puani mbele ya watu. Sawa, endelea kununa. Mimi nimejenga. Ni kibanio cha nguzo za mkaratusi: njia nyembamba, nyuma mlango unashuka kwa kamba, mbele ukuta wenye tundu la kichwa tu. Ng'ombe akishachanjwa anatolewa kwa mlango wa ubavuni, unaofunguliwa kwa nje. Hakuna tena kushika pua! Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Majirani wanasema Lemomo anamjengea ng'ombe kabati. Waache wacheke.

Bwana mifugo anakuja kuchanja Jumamosi tarehe 15. Unamjua dume letu Orok, hafukuzwi kwa nyuma, anamfuata anayemwita kwa jina. Yoeli atatangulia ndani akimwita.

Ni mimi baba yako,
Lemomo

Njiro, 7 Juni

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, natumaini na nyie. Mchoro nimeuona, nimeugeuza kila upande. Orok umemchorea pa kuingia na pa kutokea. Yoeli atatokea wapi? Mbele yake ukuta, nyuma yake dume, na mlango unafunguliwa kwa nje. Hilo si kabati, Baba, ni jeneza.

Kama huna jibu, namchukua aje kukaa kwangu. Nimechoka kuogopa kila simu inayotoka nyumbani.

Mwanao,
Nice

Oldonyosambu, 10 Juni

Nice mwanangu,

Marahaba. Afya zetu njema. Haya maneno ya jeneza umeyatoa wapi? Yoeli atapanda ukuta na kurukia nje, kama tulivyofanya sote tangu utoto. Na huko kumchukua, umemuuliza mwenyewe? Siku nzima ndani ya geti, bila kusikia ng'ombe, atakonda mpaka mumshangae. Anasema hataki.

Baba yako

Njiro, 12 Juni

Shikamoo Baba.

Atapanda kwa mkono upi?

Nice

Njiro, 16 Juni

Shikamoo Baba,

Jana nimepiga simu yako kutwa nzima, na leo pia. Haipatikani. Na Yoeli hana simu yake. Dereva wa gari la maziwa anasema kwetu kulikuwa na kelele na mtu akabebwa kwa pikipiki. Mtu gani? Hajui! Niko zamu, siwezi kutoka kabla ya jioni, na yeye anarudi huko sasa hivi. Nimemwambia asiondoke kwako bila jibu.

Baba, nimekasirika na naogopa, sijui nianze na lipi. Niandikie hata jina tu.

Mwanao

Oldonyosambu, 16 Juni

Nice mwanangu,

Mwandiko ni wa Yoeli, wa mkono wa kushoto, usiucheke. Maneno ni yangu. Aliyebebwa ni mimi. Mbavu zimefungwa, nipo nyumbani, nacheka kwa shida.

Barua yako ile fupi niliipata Ijumaa. Nilikasirika, nikaitupa. Kisha nikaenda kibanioni, nikachomeka mkono wangu wa kulia kwenye mkanda, nikajaribu kuupanda ule ukuta. Sikufika hata nusu. Nikachukua msumeno, nikakata nguzo moja karibu na ukuta wa mbele, upatikane upenyo wa mtu. Kipimo kilikuwa mwili wa Yoeli.

Kulipokucha moyo ulinikatalia kumwingiza. Nikamwachia kamba ya mlango, nikatangulia mimi. Orok alinifuata kwa utaratibu kabisa, kama anaenda kanisani. Mlango ukashuka kwa kishindo, akashtuka, akanijia. Nikakimbilia upenyo. Lahaula, nilisahau kitambi changu! Nikanasa katikati, na Orok akanikandamiza kwa kichwa. Wanaume wote waliokuja kusaidia walisimama wakipiga kelele. Aliyenivuta nje ni Yoeli, kwa mkono huu unaoandika. Simu ilibaki ndani, Orok ameisaga.

Upenyo utapanuliwa. Ila Yoeli simtoi. Anataka kuongeza lake:

Dada, sitoki. Baba alipobebwa, ng'ombe waliobaki niliwaita mimi. Napenya vizuri. Wote wamechanjwa.

Baba yako na mdogo wako

Njiro, 17 Juni

Shikamoo Baba,

Pole sana na mbavu. Na wewe Yoeli, mwandiko wako mbaya jamani. Nimeusoma kazini nikilia, watu wananitazama. Baki nyumbani, mdogo wangu.

Baba, dereva anakuletea simu ndogo ya batani. Laini imo, na namba ya kwanza nimeweka yangu. Barua hii usiijibu. Piga. Nitapokea.

Mwanao,
Nice