Dawa ya Mwarobaini ya Shemeji Mwita

Manchira, Serengeti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia walau unashuka bustanini. Huku mume wangu Chacha na watoto ni wazima, ila moyo wangu haujatulia. Ningepiga simu, lakini nyumba hii kila mtu anasikia, na Chacha hataki mdogo wake asemwe.

Ile dawa uliyonifundisha, ya kutwanga majani ya mwarobaini na pilipili, kuloweka, kuchuja na kutia sabuni kidogo, ndiyo napulizia mboga zangu hapa karibu na bwawa. Unajua ilivyo, wadudu hawafi papo hapo, wanaacha kula na kupungua. Shemeji Mwita alipotoka machimboni Nyamongo mikono mitupu, akaomba aitengeneze awauzie majirani. Nikafurahi.

Baadaye dawa yake ikaanza kuua viwavi kabla sijamaliza tuta. Pilipili ilinukia, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine ya kukwaruza koo. Nikimuuliza, anasema, "Shemeji, nimeongeza vitunguu saumu tu." Tena akawa anachanganyia stoo, mlango kafunga. Kuku wangu wakadonoa viwavi waliokufa, nao wakafa. Chacha akasema ni kideri. Sikuamini. Majirani walikuwa wanapulizia asubuhi na kuchuma jioni, maana Mwita aliwaambia ni majani matupu, na watoto wao wanakula hizo mboga.

Jumapili nikanunua mchicha sokoni Mugumu bila kumwambia mtu, nikaupika kwa karanga, nikatenga na ugali.

"Huu ni wa lile tuta ulilopulizia leo, shemeji," nikamwambia. "Karibu."

Mwita alinawa, akakaa anautazama. "Nimeshiba," akasema. Tangu kuamka alikuwa hajala kitu.

Chacha alirudisha tonge lake kwenye sahani. "Umetia nini, Mwita?"

"Sumu kidogo tu ya dukani, ile ya kupulizia pamba. Watu wanataka kuona wadudu wanakufa."

Chacha alimshika mkono wakapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasichume. Wengi waling'oa mboga zao. Jirani yangu Nyangi, ambaye tulikuwa tunachota maji pamoja naye, anadhani nilijua tangu mwanzo. Hanisalimii, na sijui nitamwambia nini aamini.

Mwita ameondoka, eti anarudi Nyamongo. Chupa zake hazimo stoo. Najua atapitia kwako, maana hapo ndipo hula akikosa. Mpe uji, mpe na pa kulala. Lakini akitoa chupa aseme nimekutumia mimi, Mama, sijatuma chupa yoyote.

Nisalimie mke wa kaka, na bibi mzaa baba, umwambie namkumbuka. Msalimie na baba mdogo anayechunga ng'ombe, umwombe aangalie mtoni wanakonyweshea, asije mtu akaoshea chupa pale.

Mwanao anayekuwaza,
Rhobi