Nilivyosema Kabula Hajui Kusoma

Ijumaa. Shule imefungwa leo. Huku Rujewa joto limekazana, mawingu yamejaa upande wa milimani lakini mvua yenyewe inaringa. Nina hasira na sitaki mtu anitulize, ndiyo maana naandika hapa badala ya kumpigia mama Iringa. Mama ataniambia nisali.

Huu ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilipewa darasa la kwanza kwa sababu hakuna mwalimu aliyelitaka. Wengi wa watoto ni wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku bondeni na ng'ombe wao, na walikuja hawana Kiswahili hata cha kuombea maji. Mimi ni Mhehe. Mwezi wa kwanza tulibaki kutazamana tu.

Nikaamua wanifundishe. Asubuhi nawasalimu kwa Kisukuma, "wangaluka", wanacheka matamshi yangu mpaka wanalala kwenye madawati. Kisha wananitajia kitu kwa lugha yao, nawarudishia kwa Kiswahili, tunakiandika ubaoni. Mwezi wa nane wengi walikuwa wanasoma.

Wenzangu ofisini waliona najidhalilisha, na anayeongoza ni madamu Atupele wa darasa la pili. Yeye ana kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akiteleza akaongea lugha ya kwao, anavishwa shingoni na anashinda nacho mpaka amnase mwenzake naye ameteleza. Darasa lake limetulia kama msibani, na mwalimu mkuu anausifia huo utulivu kila kikao.

Sasa Kabula. Binti huyu alikaa miezi bila kutoa neno, si la Kiswahili wala la Kisukuma, mpaka wenzangu wakaniambia ni bubu, nisijisumbue. Siku moja mwezi wa tisa akasoma "kaka ana kuku" kwa sauti ndogo, halafu akageuka nyuma kuangalia ni nani aliyesema. Toka siku hiyo haishiwi maneno.

Nilimwomba mkuu nipande nao darasa la pili. Akasema tutaona.

Leo nimeona. Kwenye kikao cha kufunga mwaka, pilau mezani, soda zimefunguliwa, mkuu katangaza kwamba Atupele anabaki la pili, kwa hiyo watoto wangu ni wake. Mimi narudi la kwanza kuanza upya, "maana umeonyesha unaliweza." Wakapiga makofi. Wakaguzi wanakuja mwanzoni mwa mwaka, kila mtu pale anajua, na watawakuta watoto wanasoma vizuri mikononi mwa Atupele. Mwenyewe akaniinamia sikioni.

"Usinune, mdogo wangu. Ndiyo kazi hiyo, utazoea."

Nilitamani kumwagia ile soda.

Mkuu akauliza kama kuna mtoto wa la kwanza ambaye kusoma bado, abaki akariri darasa. Nikasema yupo mmoja. Kabula.

Sikuwa nimepanga. Lilinitoka hivyo hivyo. Nilijiambia namwokoa na kile kibao, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka Atupele asiwapate wote. Nilitaka kitu kimoja kibaki changu.

Atupele si mjinga. "Kabula? Si ndiye juzi alinisomea tangazo la chanjo pale getini? Hebu aitwe."

Akaletwa, ufagio mkononi, miguu imejaa vumbi. Mkuu akamfungulia kitabu. "Soma hapa, binti."

Kabula hakukiangalia kitabu. Aliniangalia mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila watoto wa umri ule wanasoma nyuso kabla ya herufi. Akafunga mdomo, akabaki amesimama vile vile alivyokuwa akisimama Januari, mabega juu, macho sakafuni.

"Kweli, huyu bado," mkuu akasema, akafunga kitabu.

Nilikuwa nimeshinda. Ningenyamaza tu, ningebaki naye mwaka mzima, mtoto anayejua kusoma, amekaa na wanaojifunza kushika penseli. Na nilinyamaza kidogo. Hilo naliandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika.

Halafu nikasema, "Soma, Kabula."

Akasoma. Akamaliza ukurasa, akafunua wa pili bila kuambiwa, akaendelea mpaka mkuu alipomwambia basi, inatosha. Atupele akacheka. "Kumbe ulitaka kunibania, mdogo wangu." Ofisi nzima ikacheka naye. Mkuu akasema mtoto anapanda, na watu wakarudi kwenye pilau. Mimi sikugusa sahani.

Nilipotoka nilimkuta Kabula ananisubiri ukutani.

"Mwalimu, nimekosea?"

Nilimwambia hapana, umesoma vizuri sana. Nikamwambia kwamba Januari, neno lolote likimshinda kwa Kiswahili aje kwangu wakati wa mapumziko, mlango wa la kwanza anaujua. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kama amenielewa, akaitikia kwa kichwa tena. Sikupata neno lingine kutoka kwake mpaka alipoondoka na wenzake kuelekea njia ya mashambani.

Nimekaa kitandani toka saa tisa, viatu bado viko miguuni. Namchukia Atupele na kibao chake, na shule ikifunguliwa nitamwambia mbele ya mkuu na mbele ya wote, wanihamishe wakitaka. Ila leo aliyemfunga Kabula mdomo si yeye.